Kapteni Arudi kwenye Dizeli

Mtaa mzima ulijua Kapteni anapotoka nyumbani, kwa sababu pikapu yake ilikuwa ikilia kuomba gia. Ilianza na gia ya kwanza pale getini, ikalia weee, mpaka mwenye duka la viatu akaziba masikio, ndipo Kapteni akakumbuka kuweka ya pili. Hiyo ya pili nayo angekwenda nayo hadi kwenye mzunguko wa barabara. Waliosubiri kuvuka walitazamana na kutikisa vichwa. Mwenyewe alikaa wima nyuma ya usukani, kofia imenyooka, akiwapungia mkono watu aliodhani wanamsalimu.

Alikuwa dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu. Jina la Kapteni alipewa na abiria, kwa vile kabla ya kung'oa nanga kila safari alisimama mlangoni, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akasema, "Tunaondoka, na tutafika." Katika mabasi yale ya zamani injini ilikaa pembeni mwa dereva, chini ya mfuniko wa bati, ikinguruma ubavuni mwake kutoka alfajiri hadi jioni. Alipostaafu alijinunulia pikapu kuukuu ya milango minne, ya petroli, yenye taa za mviringo na rangi ya maziwa, iliyotengenezwa enzi ambazo bati la gari lilikuwa bati kweli. "Dizeli nimeiachia kampuni," aliwaambia watu. "Sasa nataka gari linalonong'ona."

Na kweli pikapu ilinong'ona. Tatizo ni kwamba miaka ilivyokwenda, Kapteni akawa hasikii minong'ono. Hilo hakulijua, au tuseme hakutaka kulijua. Kwa hesabu zake, watu wa siku hizi ndio walioacha kufungua midomo wanapozungumza.

Siku injini ilipokufa, alikuwa anampeleka mkewe na dada yake kumtazama jamaa aliyejifungua. Mkewe alikaa mbele. Dada yake, ambaye watoto wa nyumba ile walimwita Shangazi na hatimaye kila mtu akamwita hivyo hivyo, alikaa nyuma peke yake na kapu la zawadi mapajani. Walipoanza kupanda kilima, pikapu ikapandisha sauti.

"Baba Nati, badilisha gia," mkewe akasema.

"Njia ni hii hii, hakuna nyingine," Kapteni akajibu.

"Gia. Nimesema gia."

"Nakuambia hakuna nyingine, ile ya kule chini wameifunga."

Mkewe akashika mkono wa mlango na kufumba macho. Katikati ya kilima kikasikika kishindo ambacho hata Kapteni alikipata, si kwa masikio bali kwa matako. Moshi ukajaa mbele ya kioo. Pikapu ikasimama, ikaacha nyuma yake mchirizi mweusi wa oili.

"Imezima," Kapteni akasema kwa mshangao.

"Haijazima," Shangazi akasema kutoka nyuma. "Imepasuka. Shuka uone, utumbo wake uko barabarani."

Binti yake alikuja na gari la kuvuta. Huyu ndiye Nati. Jina hilo lilimganda tangu akiwa mtoto wa kutambaa, alipookota nati sakafuni, akaimeza, na nyumba nzima ikabaki kusubiri itoke. Baadaye akawa fundi wa magari, watu wakasema ilishaonekana mapema. Aliinama chini ya pikapu, akaingiza vidole katika tundu lililotoboka ubavuni mwa injini, akavitoa vimelowa oili. Alimtazama baba yake, kisha akatazama kile kilima, na Kapteni hakupenda mtazamo ule.

Jioni walikaa mezani kuijadili pikapu, na kama kawaida ya nyumba ile wote walisema kwa pamoja. Mkewe alitaka iuzwe. Shangazi alitaka iegeshwe uani ifugiwe kuku. Kapteni aliyashika maneno nusu nusu, akitikisa kichwa pale alipoona wengine wanatikisa, akicheka walipocheka. Hapo kwenye kuku alitikisa kichwa kukubali, kisha akaona wote wamemgeukia.

"Umekubali kuku?" mkewe akauliza.

"Kuku gani?"

Nati alikuwa upande wa pili wa meza. Akasogeza kiti, akakaa uso kwa uso na baba yake, akasema polepole, "Baba, ninayo injini. Kuna gari la mizigo liligongwa nyuma likawa chapati, lakini mbele halikuguswa. Injini ni nzima na gia boksi yake. Ila ni ya dizeli."

"Dizeli?" Kapteni akarudisha mgongo kwenye kiti. "Mwanangu, mimi na dizeli tulishaagana. Petroli hamna?"

"Zipo."

"Basi funga petroli."

"Mimi nafunga dizeli, Baba. Ukitaka petroli tafuta fundi mwingine."

Alimjua binti yake. Akishasema hivyo, hata umlilie hageuki. Kapteni alihisi kuna jambo nyuma ya ukaidi ule lakini hakulipatia jina. Na kwa upande mwingine kulikuwa na kuku. Akasema sawa, kwa sharti moja, kwamba kila siku ya kazi naye awepo gereji.

"Uwepo ufanye nini?" mkewe akauliza.

"Nisimamie," akasema Kapteni.

Gereji ya Nati ilikuwa banda refu la mabati, lenye shimo la kushukia chini ya magari na mihimili iliyopigwa masizi. Alishirikiana na mchomeleaji mmoja mwembamba aliyeitwa Kibiriti, mtu wa maneno machache aliyeongea zaidi kwa kuinua nyusi. Asubuhi ya kwanza walifungua boneti, wakaiweka kando, wakatoa rejeta, wakafungua mabomba na nyaya huku Nati akizifunga vipande vya kitambaa vya rangi ili ajue kila waya unarudi wapi. Kisha wakaifunga injini iliyokufa kwenye winchi ya mnyororo.

"Baba, vuta," Nati akasema.

Kapteni akachukua tambara akaanza kuufuta mnyororo. Aliufuta kwa bidii, pingili kwa pingili, mpaka ukang'aa. Kibiriti akainua nyusi. Nati akaja mwenyewe akashika mnyororo na kuuvuta mara moja ili baba yake aone.

"Ah, vuta," Kapteni akasema. "Sema vizuri basi."

Yalikuwapo mengine ya namna hiyo. Nati aliomba koleo, akajibiwa kwamba ndiyo, ni leo leo. Kibiriti alisema anakwenda kununua oksijeni, Kapteni akamuuliza huyo mgeni amefika lini. Walicheka, naye akacheka pamoja nao bila kujua kinachochekesha, na kila mara Nati alirudia maneno akiwa amemgeukia. Kapteni aliona kwamba binti yake akimgeukia maneno yanafika. Hakujiuliza kwa nini.

Injini ya dizeli ilipofika imening'inia kwenye winchi, ilionekana kubwa mno, bonge la chuma jeusi lenye pampu yake ubavuni, na Kapteni akaiita trekta. Walipoishusha mara ya kwanza ikagoma kukaa. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, liligonga mhimili wa mbele wa chasisi, na huku juu feni ikabaki nje ya mahali pa rejeta. Nati akaiamuru ipandishwe. Ikashushwa tena, ikagonga tena. Wakazunguka pikapu wakiitazama kila upande kama watu waliokuja kuposa wakakuta mlango umefungwa.

"Kata mhimili," Kibiriti akasema.

"Ukikata mhimili, magurudumu ya mbele yatatazamana," Nati akasema. Akalala chali chini ya gari, akapima kwa vidole, akatoka na vumbi kichwani. Akaamua kwamba vishikio vya zamani vya injini viondolewe, Kibiriti achomelee vipya, vya chuma kinene, nyuma kidogo na juu kidogo, na lile bakuli likatwe upande mmoja na kuongezwa upande wa pili ili oili ipate pa kukaa. Propela, ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, nayo ikapelekwa kufupishwa, maana gia boksi mpya ilikuwa ndefu. Springi za mbele ziliongezwa jani la chuma, kwa sababu dizeli ina uzito wake.

Kapteni alipewa tangi. Alilitoa, akamwaga petroli yote, akalisuuza kwa dizeli kidogo, akalitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto, akalimwaga na kulisuuza tena mpaka Nati aliponusa na kukubali. Dizeli ilimmwagikia mikononi. Alipokuwa akiifuta, harufu ile ilimpanda puani, akajikuta ametulia tuli na tambara mkononi. Aliona vituo vya alfajiri, abiria wamejifunika shuka, mkono wake wa kushoto umeegemea bati lenye joto. Tangu siku hiyo aliacha kuita injini ile trekta.

Siku ya kuwasha, mkewe na Shangazi walikuja kutazama, wakapewa mabenchi mbali na moshi. Kapteni alipanda kwenye kiti cha dereva, maana hilo hakuna aliyethubutu kumnyima. Nati alifungua skrubu ya pampu kutoa hewa, akapampu kwa kidole gumba mpaka povu likaisha na dizeli ikatoka safi, akafunga. Akainua mkono. Kapteni akageuza ufunguo.

Stata ikazunguka, ikazunguka, injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe uliowafukuza Shangazi na benchi lake, kisha ikashika. Banda likaanza kutetema. Spana zilizotundikwa ukutani zikagonganagongana. Kibiriti aliachia tabasamu ambalo halikuwahi kuonekana katika banda lile.

Ndipo bomba la maji la juu likachomoka kwenye rejeta. Maji yakaruka hadi kwenye mabati.

"Zima, Baba," Nati akaita, akipitisha kiganja shingoni.

Kapteni akageuza ufunguo. Injini ikaendelea. Akauchomoa kabisa, akauonyesha juu. Injini ikaendelea tu. Nati akajipiga paji la uso. Dizeli ya namna ile haizimwi kwa ufunguo, huzimwa kwa waya wa kuvuta unaokata mafuta kwenye pampu, na waya huo ulikuwa bado umekunjwa juu ya meza ya kazi. Akakimbilia pampu autafute kwa vidole mkono wa kukatia mafuta, lakini maji ya rejeta yalikuwa yanaruka papo hapo, ya uvuguvugu na kutu, yakampiga machoni. Kibiriti akakamata ubao azibe njia ya hewa, akateleza kwenye maji, akakaa chini.

Kapteni aliwaona wote wanahangaika na midomo inakwenda, na hakuna hata neno moja lililomfikia. Hakulihitaji. Akakanyaga klachi, akaingiza gia ya juu kabisa, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akaiachia klachi. Pikapu ikainama mbele, ikatetemeka, ikanyamaza.

"Basi la zamani," akasema akishuka, akijaribu kuficha furaha. "Waya wake ulikatika kila wiki. Tulizima hivi hivi."

Nati alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Kapteni," akasema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Wakafunga bomba, sasa kwa kibano cha maana, wakaunganisha waya wa kuzimia, na jioni ikiwa bado na mwanga Nati akasema twende tukaijaribu. Wakapanda wawili tu, baba na binti.

Kapteni alitoka getini kwa gia ya kwanza. Alikuwa amezoea kukisia, kuhesabu moyoni na kubadilisha kwa imani tu. Lakini safari hii kitu kilimpanda kwenye nyayo. Mtetemo uliingia kwa miguu, ukapita mapajani, ukafika kwenye kiganja kilichoshika mkono wa gia, mnene na wa taratibu, na ulipokuwa mwembamba akajua, bila kujiuliza amejuaje, kwamba injini inataka ya pili. Akaipa. Ikashukuru. Akaipa ya tatu kabla ya mzunguko. Mwenye duka la viatu alikuwa amekwisha kuinua mikono kuelekea masikioni, akaishusha polepole.

Walipanda kile kilima. Kapteni alihisi mzigo unaanza kulemea, akarudisha gia moja chini kwa ulaini ambao haukuchezesha hata chupa ya maji iliyokuwa kwenye dashibodi. Kileleni palikuwa na nafasi ya magari kusimama. Akaegesha. Hakuzima. Aliweka kiganja wazi juu ya mkono wa gia akakiacha hapo kwa muda.

"Ulichagua dizeli makusudi," akasema bila kumtazama.

Nati alimgusa bega ili ageuke. "Ndiyo."

"Kwa sababu sisikii."

"Kwa sababu husikii."

Kapteni akatazama mbele, akarudisha macho kwa binti yake. Kulisema jambo lile kwa sauti kulikuwa kwepesi kuliko alivyodhani. "Umejua tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Na hukuniambia? Mimi baba yako?"

"Nilikuambia. Mwaka jana, jikoni. Nikakuambia, Baba, naona masikio yako yamepungua nguvu, twende hospitali. Ukanijibu sukari iko kabatini."

Kapteni alimtazama kwa uso wa hasira ambao haukukaa. Kwanza mabega yalianza kutikisika, kisha tumbo, halafu wote wawili wakawa wanacheka mpaka Nati akaegemea dashibodi akishika mbavu. Kila mmoja alipotaka kutulia mwenzake alisema "kabatini" wakaanza upya. Pikapu ilinguruma chini yao bila haraka.

Alipotulia, Kapteni akapangusa macho. "Niliogopa mtaninyang'anya ufunguo."

"Mama alitaka. Nikamwambia anipe nafasi nijaribu kitu." Nati alisema taratibu, kila neno mahali pake. "Lakini gari peke yake halitoshi, Baba. Utahitaji vioo vikubwa pande zote mbili. Na hospitali utakwenda. Daktari akisema basi, iwe basi."

"Vioo vikubwa vinaharibu sura ya gari."

"Baba."

"Haya. Vioo nitavichagua mwenyewe."

Jioni hiyo, wakati wa chakula, alingoja mpaka mkewe alipokaa. "Mama Nati," akasema, "masikio yangu yamechoka. Nakwenda kuyatazamisha."

Mkewe alishika kijiko hewani. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu, na hotuba alikuwa nayo, ndefu, ameipanga vizuri. Yote ikamtoka kichwani. "Haya," akasema, akamwongezea mchuzi, kisha akatoka kwenda kuanua nguo ambazo alikwisha kuzianua tangu alasiri.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye subira. Alimfungia Kapteni chumbani na vipaza sauti, akamwambia anyanyue mkono kila anaposikia mlio, na Kapteni akakaa humo akisubiri milio ianze mpaka daktari akafungua mlango na kumwambia wamemaliza. Macho yalikuwa mazima, miguu na mikono ilikuwa na wepesi wake. Alimruhusu kuendesha, kwa vioo vikubwa na kwa masharti ya kurudi kupimwa. Baada ya muda akaitwa kuchukua vifaa vyake vya kusikilizia, viwili vidogo vya kukaa nyuma ya sikio. Alikwenda kuvichukua peke yake asubuhi, akavivaa, akashusha kofia, akarudi nyumbani akiwa ameduwaa. Hakujua kwamba lango lake linalia. Hakujua kwamba viatu vyake vina sauti.

Mkewe na Shangazi walikuwa wanamsubiri, na safari hii yule mtoto mchanga ambaye hawakufika kumwona alikuwa amekwisha kuota meno. Wakaingia wote wawili kiti cha nyuma ili waongee vizuri. Kapteni akafungua mdomo kuwaambia habari ya vifaa, kisha akabadili mawazo. Akawasha gari. Kelele ilimshtua hata yeye, akasogeza kifaa kimoja kidogo kwa kidole, kama anajikuna.

"Hili gari linatikisa mpaka meno ya bandia," Shangazi akaanza kabla hawajafika mzunguko. "Na hiyo kofia amevaa tangu lini? Inanuka."

"Nimeificha mara mbili, wifi. Anaitafuta mpaka anaipata."

"Tangu mdogo yuko hivyo hivyo. Alikuwa analala na viatu."

"Usiniambie."

"Nakuambia, anavifunga na kamba ili visiibiwe."

Kapteni alikaza macho barabarani. Aliisikia sauti ya mkewe ikicheka, ile ya chini inayoishia puani, na ilikuwa imepita miaka tangu aisikie vile. Walifika kwenye kilima. Akashusha gia, injini ikajipanga, pikapu ikapanda.

"Lakini anaendesha vizuri siku hizi," Shangazi akasema, kama mtu anayetoa kitu asichopenda kukitoa.

"Ameendesha vizuri siku zote," mkewe akasema. "Ila usimwambie, hatutalala."

Njia iliyobaki ilikuwa ndefu, na wale wawili walikuwa na mengi. Kapteni akapunguza mwendo kidogo, ili yasimpite.